Kabla ya Kuhesabu Vyumba, Hesabu Miaka

Familia nyingi za Merigi, kaunti ya Bomet, zinazoweka akiba kutokana na maziwa, mahindi na mishahara ya ualimu hufika siku zikatamani nyumba Kericho mjini. Wengi hawataki ghorofa mpya. Huvutiwa na zile nyumba ndogo za zamani: kuta za mawe ya kuchonga, baraza mbele, dohani ya kuotea moto, sakafu ya mbao, na miti mikubwa iliyopandwa kabla ya Uhuru. Hospitali, shule na soko viko karibu. Mtaa umeshatulia, na unaweza kuona leo jirani yako ni nani na amejenga nini. Ni matamanio mazuri, nami kama mthamini wa ardhi nayaunga mkono. Tatizo ni kwamba mnunuzi anayetoka Merigi huja na mazoea ya shamba, na mazoea hayo ndiyo humponza mjini.

Shamba la Merigi, kwa kawaida, ni la kudumu. Baba humwachia mwana, mwana akamwachia mjukuu, na hakuna mahali pameandikwa mwaka ambao umiliki utakoma. Kiwanja cha mjini mara nyingi huwa cha lisi. Serikali ndiyo yenye ardhi, na aliyejenga nyumba alipewa miaka ya kuitumia, pengine 99, pengine 50 au 33 tu. Anayekuuzia nyumba iliyojengwa miaka ya 1950 anakuuzia kuta pamoja na miaka iliyobaki, na katika hivyo viwili ni miaka inayoamua kama bei yake ni ya haki. Hata hivyo nimeona wanunuzi wakigonga kila ukuta na kufungua kila bomba, huku hati ikibaki mfukoni mwa dalali hadi siku ya kutia sahihi.

Mtindo huu wa kutoa ardhi kwa miaka una chimbuko lake katika historia ya eneo letu. Wakoloni walitangaza ardhi ya Wakipsigis kuwa ya Taji la Uingereza, kisha wakaigawa kwa muda. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwawezesha walowezi kupewa mashamba kwa miaka 999, na kampuni kubwa za chai zilipoanza kupanda Kericho miaka ya 1920 zilijikuta katika utaratibu huohuo. Viwanja vya mjini vilipewa muda mfupi zaidi. Uhuru ulipokuja, ardhi ya Taji ikawa ya Serikali ya Kenya, lakini mikataba iliendelea kuhesabu miaka yake. Mjukuu wa mtu aliyehamishwa kupisha chai anaponunua leo nyumba ya afisa wa zamani, anaingia ndani ya mkataba ambao babu yake hakuulizwa. Jambo hilo lina uzito wake, na ndiyo sababu naumia ninapomwona akipoteza pesa kwa kutosoma karatasi.

Tufanye hesabu. Lisi ya miaka 99 iliyoanza tarehe 1 Januari 1935 inaisha tarehe 31 Desemba 2033. Muuzaji atakuambia kwamba kupata miaka mipya ni kujaza fomu tu. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 13, inampa mmiliki aliye raia wa Kenya nafasi ya kwanza ya kupewa upya kiwanja chake muda unapoisha, mradi serikali ya kitaifa au ya kaunti haikihitaji kwa matumizi ya umma. Nafasi ya kwanza ni haki kubwa, lakini haina maana kwamba umeshapewa. Kuna maombi, kuna maoni ya kaunti, kuna upimaji na uthamini, na kodi ya ardhi inayolipwa serikalini huwekwa upya, mara nyingi juu zaidi ya kile kiasi kidogo kilichoandikwa enzi za ukoloni. Benki nazo hazipendi kukopesha kwa dhamana ya ardhi ambayo muda wake utakaribia kwisha kabla ya deni.

Ikiwa imebaki miaka michache, ushauri wangu ni kwamba muuzaji aombe kuongezewa muda yeye mwenyewe, kwa jina lake, kabla ya mauzo, na jambo hilo liandikwe katika mkataba kama sharti. Akikataa, bei ishuke kweli. Punguzo la shilingi elfu hamsini la kukutuliza moyo halitoshi. Nyumba iliyobakiwa na miaka kumi haiwezi kuwa na bei ya ile iliyobakiwa na sitini, hata zikifanana kama mapacha.

Kama mwenye nyumba si raia wa Kenya, kuna jambo jingine la kuangalia. Ibara ya 65 ya Katiba hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa lisi isiyozidi miaka 99. Umiliki wowote wa muda mrefu zaidi aliokuwa nao uligeuzwa kuwa wa miaka 99 Katiba ilipoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, hata kama hati iliyo sandukuni bado inasema 999.

Ukishahesabu miaka, tafuta mzizi wa hati. Kufanya sachi katika ofisi ya ardhi ni lazima. Utaambiwa jina la mmiliki, ukubwa wa kiwanja, na kama kuna rehani au zuio. Ila sachi inakuonyesha hali ya leo, nayo nyumba ya zamani ina jana yake. Nyumba nyingi nzuri za mitaa ya kale zilijengwa kwa ajili ya watumishi wa serikali. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma, nyumba za serikali zikiwemo, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria sehemu nyingi za nchi. Ukiona kwenye mlango au katika faili namba yenye herufi HG, MG au LG, jua kwamba nyumba hiyo iliwahi kuhesabiwa katika daraja za nyumba za serikali. Hiyo pekee haithibitishi wizi, kwa kuwa nyumba nyingine ziliuzwa kihalali. Unachotakiwa kuuliza ni iliuzwa lini, kwa uamuzi wa nani, na risiti iko wapi.

Zamani mnunuzi alijitetea kwa kusema alinunua kwa nia njema na hati ilikuwa safi. Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa Nyali, kikiwa kimegawiwa mara ya kwanza mwaka 1989 na kubadilisha mikono kabla ya kumfikia mnunuzi huyo. Mahakama ilisema kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, kwa hiyo hati iliyozaliwa kutoka kwake haikuweza kumlinda aliyenunua baadaye. Funzo lake kwa mtu wa Merigi ni kwamba hati ya muuzaji haitoshi. Mwambie wakili wako afuate mnyororo hadi mwanzo: barua ya ugawaji, ramani ya mpango iliyoidhinishwa, malipo yaliyofanywa, na kila uhamisho uliofuata. Kumbuka pia kwamba Bomet ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho hadi 1992. Anayenunua ploti Sotik au Bomet mjini asishangae wakili akitafuta mafaili ya zamani Kericho.

Nyumba kuukuu mara nyingi huuzwa na watoto wa marehemu. Hapo hamna njia ya mkato: Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Mwana wa kwanza kukupa funguo na chai hakumfanyi kuwa mwenye mamlaka. Na kama muuzaji yuko hai na ana mwenzi wa ndoa, idhini ya mwenzi huyo iwe kwa maandishi.

Sasa tuingie ndani. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha alasiri. Nenda kaitazame nyumba saa kumi, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Dalali atapenda uje asubuhi yenye jua. Tazama chini ya kuta kama rangi imefura na chokaa inamomonyoka, kisha toka nje uone kama matundu ya hewa chini ya sakafu yako wazi. Mafundi wa zamani waliinua sakafu ya mbao ili upepo upite chini yake. Wamiliki wa baadaye wakaziba matundu kwa saruji wakiogopa panya, na tangu hapo mbao zinaoza kimyakimya. Choma maungio ya mbao kwa bisibisi. Mti wa tarakwet hustahimili mchwa kwa miongo mingi; mkaratusi uliotumiwa kufanyia ukarabati hauna subira hiyo, na bisibisi itazama ndani.

Ukiona bati la saruji lenye mawimbi, la kijivu na lenye ukoga, shuku kuwa ni asbesto. Usipande kulikwangua, wala usimruhusu fundi alivunje kwa nyundo, maana vumbi lake huingia mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kuliondoa ni kazi ya watu wenye leseni na wanaofuata masharti ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na gharama yake itolewe kwenye bei. Nyaya za umeme zilizofunikwa kwa mpira wa kale hukauka na kupasuka. Hesabu kwamba utazibadilisha zote. Mabomba ya chuma nayo hujaa kutu ndani hadi maji yakatoka kama uzi. Kama mikaratusi imesimama karibu na mfereji wa maji taka, mwombe fundi akague mizizi kabla hujasifia kivuli.

Wengi hupanga kujenga vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba ili mkopo wa sacco ujilipe. Soma masharti maalumu yaliyo ndani ya lisi. Mikataba mingi ya zamani inaruhusu makazi tu, tena nyumba moja, na inaweka kikomo cha sehemu ya kiwanja inayoweza kujengwa. Kubadilisha hayo kunahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya 2019, na idhini hiyo haiji kwa kuahidiwa na jirani.

Kuhusu pesa, ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani itakayowekwa na mthamini wa serikali, wakati shambani ni asilimia 2. Nyumba ya shilingi milioni 4 itakudai 160,000 kabla hujamlipa wakili. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji, kwa hiyo mkataba usikutwishe wewe. Malimbikizo ya kodi za kaunti na ya kodi ya ardhi ya serikali yalipwe na muuzaji, na vyeti vya kuthibitisha vitolewe kabla ya uhamisho.

Mauzo ya kijijini mara nyingi hutegemea wazee na chifu kama mashahidi wa maneno. Sheria ya Mikataba inataka mauzo ya ardhi yaandikwe, yasainiwe na pande zote, na sahihi zishuhudiwe, iwe Merigi au Kericho. Amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, ikae kwa wakili hadi uhamisho ukamilike, isiingie mkononi mwa muuzaji. Salio lilipwe wakili wako akiwa ameshika hati halisi, fomu ya uhamisho iliyosainiwa, idhini zote, na vile vyeti vya kodi.