Udongo wa mfinyanzi unavyosimulia historia ya maji, kutoka Oldupai hadi Mirihi

UDONGO mweusi wa mbuga, ule unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, ni kero inayofahamika kwa wakulima na wajenzi wa nyanda za kaskazini mwa Tanzania. Kwa wanasayansi, udongo wa aina hiyo ni kumbukumbu ya maji. Hueleza kama mahali fulani palikuwa na ziwa, kama maji yake yalikuwa baridi au ya chumvi, na kama lilipitia vipindi vya ukame.

Kumbukumbu hiyo ndiyo inayounganisha Bonde la Oldupai, lililo upande wa kaskazini wa mji wa Babati, na sayari Mirihi. Miongoni mwa watafiti waliofanya kazi pande zote mbili ni Javier Cuadros, mtaalamu wa madini ya udongo wa mfinyanzi aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya jijini London, Uingereza.

Kwa mkazi wa Mutuka, moja ya kata za mji wa Babati mkoani Manyara, elimu hii haiko mbali kama inavyoweza kudhaniwa. Sifa zilezile zinazomwezesha mtafiti kusoma historia ya ziwa lililokauka ndizo zinazopasua kuta za nyumba na kudhoofisha miteremko ya milima.

Udongo wenye kurasa

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno. Kwa kawaida hazizidi sehemu mbili za elfu moja za milimita. Kila chembe imejengwa kwa matabaka membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Matabaka hayo yana silika, na pia alumini, magnesi au chuma, kutegemea mwamba ulioyazaa na maji yaliyoupitia.

Katika aina iitwayo smektaiti, maji huweza kupenya katikati ya kurasa na kuzisukuma zitengane. Hapo udongo huvimba. Jua likiyakausha maji, kurasa hurudi karibu na ardhi hupasuka. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo huo bila msingi unaofaa huinuliwa na kushushwa kila mwaka, hata kuta zikapata nyufa.

Katika kaolini, udongo mweupe unaopatikana Pugu karibu na Dar es Salaam, kurasa zimeshikana kwa nguvu na hazipitishi maji kwa urahisi. Ndiyo maana kaolini haivimbi, na hufaa kutengenezea vyombo vya kauri.

Jambo la msingi ni kwamba madini haya hayazaliwi pasipo maji. Mwamba au jivu la volkano hubadilika kuwa udongo wa mfinyanzi baada ya kukaa na maji kwa muda mrefu, na sehemu ya maji hayo hufungwa ndani ya madini yenyewe.

Funzo la Hanang

Wakazi wa Manyara wanakumbuka uchungu unaoweza kuletwa na ardhi iliyolowana kupita kiasi. Desemba 3, 2023, maporomoko kutoka Mlima Hanang yaliufunika kwa tope na mawe mji wa Katesh, ulio kusini magharibi mwa Babati, pamoja na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha.

Serikali ilieleza baadaye kuwa wataalamu wamebaini sehemu ya mlima huo ilikuwa na miamba dhaifu iliyonyonya maji ya mvua, ikameguka na kugeuka tope. Hanang ni mlima wa volkano wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Katika milima ya jinsi hiyo, majivu na miamba ya volkano huoza polepole na kuzaa udongo wa mfinyanzi, ambao ukishiba maji hupoteza ushupavu wake na kuteleza kwa urahisi.

Ziwa lililokauka Oldupai

Oldupai inajulikana duniani kote tangu Julai 1959, Mary Leakey alipogundua fuvu la Zinjanthropus. Fuvu hilo lilikutwa katika matabaka yaliyolala kandokando ya ziwa la kale lililokuwapo takriban miaka milioni 1.8 iliyopita.

Mtaalamu wa miamba kutoka Marekani, Richard Hay, ndiye aliyeichora kwa kina ramani ya matabaka hayo na kuchapisha kitabu chake kuhusu jiolojia ya bonde hilo mwaka 1976. Kazi yake ilionyesha kuwa ziwa hilo lilikuwa la chumvi na magadi, likipanuka na kunywea kadiri mvua ilivyobadilika.

Mwaka 2009, Daniel Deocampo, Cuadros na wenzao walichapisha katika jarida la American Journal of Science uchunguzi wa chembe laini kabisa za udongo wa ziwa hilo. Chumvi inapozidi ziwani, magnesi huingia ndani ya matabaka ya udongo, na potasi hunaswa katikati ya kurasa. Smektaiti inayovimba huanza kugeuka ilaiti, aina isiyovimba.

Kwa kawaida mageuzi hayo huhitaji joto kubwa lililo chini sana ardhini, ambako udongo hufukiwa kwa mamilioni ya miaka. Katika maziwa ya magadi hutokea karibu na uso wa ardhi, kwa joto la kawaida. Kwa hiyo udongo wenye magnesi na potasi nyingi humwonyesha mtafiti kipindi cha ukame, na ule wenye alumini nyingi humwelekeza kwenye kingo zilizopata maji baridi. Kwa viumbe walioishi hapo, tofauti hiyo ilimaanisha kupata maji ya kunywa au kuyakosa.

Udongo wenye magnesi nyingi una thamani ya kibiashara pia. Sepiolaiti ya Sinya, wilayani Longido, ilichimbwa katika karne iliyopita na kutengenezewa viko vya kuvutia tumbaku mjini Arusha.

Kutoka Afrika Mashariki hadi Mirihi

Mwaka 2005, kifaa kilichokuwa ndani ya chombo cha Ulaya cha Mars Express kilitambua madini ya udongo wa mfinyanzi juu ya uso wa Mirihi kwa kupima mwanga unaoakisiwa na miamba. Sayari hiyo leo ni kavu na yenye baridi kali. Kuwapo kwa udongo huo kulithibitisha kuwa maji yalikutana na miamba yake zamani sana.

Mwaka 2013, Cuadros alikuwa miongoni mwa watafiti walioongozwa na Joseph Michalski ambao walieleza, katika jarida la Nature Geoscience, kuhusu kreta ya McLaughlin yenye kina cha kilometa 2.2. Ndani yake kumeonekana udongo wenye magnesi na chuma pamoja na kaboneti, dalili kwamba huenda maji ya chini ya ardhi yaliwahi kutokeza na kufanya ziwa.

Mwaka huohuo, gari la utafiti la Curiosity la Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) lilitoboa mwamba katika kreta ya Gale. Kipimo cha eksirei kilionyesha kuwa takriban asilimia 20 ya mwamba huo ilikuwa smektaiti.

Hata hivyo, wanasayansi hawakubaliani kuhusu asili ya udongo wote wa Mirihi. Wapo wanaosema sehemu kubwa ilifanyika kwa maji ya moto chini ya ardhi, pasipo ziwa wala mto. Ili kutenganisha hali hizo, ni lazima kwanza kufahamu jinsi udongo unavyozaliwa mahali ambapo historia ya maji inajulikana, kama Oldupai.

Swali kubwa ni la uhai, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi huhifadhi vizuri masalia ya viumbe. Septemba 2025, ilitangazwa kuwa mwamba wa matope uliotobolewa na gari la Perseverance mwaka 2024 una alama zinazoweza kuwa zilisababishwa na vijidudu vya kale. NASA ilisisitiza kuwa huo si uthibitisho, kwani zipo njia za kikemia zinazoweza kuleta alama hizo bila uhai. Sampuli hiyo bado haijaletwa duniani.

Ulaya nayo imepanga kurusha mwaka 2028 gari la Rosalind Franklin, litakalochimba hadi kina cha mita mbili katika uwanda wa Oxia Planum, uliochaguliwa kwa sababu ya wingi wa udongo wa mfinyanzi.