Mafuta yakipatikana bonde la Eyasi Wembere, nani atapata nini?

Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, limekuwa likitafuta mafuta na gesi katika bonde la Eyasi Wembere. Bonde hilo linagusa mikoa kadhaa, ukiwemo Simiyu, na wilaya ya Meatu imo. Kwa hiyo hapa Mwandoya swali la utajiri haliko mbali. Lakini kutafuta si kupata, na hata yakipatikana, kupata mafuta si kupata fedha. Katikati kuna hesabu, na hesabu hiyo ndiyo tunayoieleza hapa.

Wachumi huipiga kwenye kompyuta, kwa jedwali kubwa kama la Excel. Wanaingiza mambo matano: mafuta ni kiasi gani, yatauzwa bei gani, gharama ni kiasi gani, yataanza kutoka lini, na mkataba unagawaje. Ukibadilisha tarakimu moja, jibu nalo linabadilika. Jedwali halitabiri. Linaonyesha tu kwamba ikiwa hiki kitakuwa hivi, kile kitakuwa vile.

Mkulima wa pamba anaujua mgawo huu. Siku ya malipo hapokei thamani yote ya mzigo uliopimwa kwenye mizani. Kama alikopeshwa mbegu na dawa, deni linakatwa kwanza. Mkataba wa mafuta nao uko hivyo: kampuni inarudisha kwanza gharama zake, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa.

Tuchukue mafuta ya shilingi 100. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imeweka mrabaha wa asilimia 12.5 kwa mafuta ya nchi kavu. Huo unatoka kabla ya yote, na zinabaki shilingi 87.50. Sasa tuseme, kwa mfano tu, gharama za kampuni ni shilingi 30, na mkataba unaipa nchi asilimia 60 ya kinachobaki. Baada ya gharama zinabaki 57.50, na nchi inachukua 34.50. Ukijumlisha na mrabaha, nchi imepata shilingi 47. Kodi hatujaiweka, ili hesabu isiwe ndefu.

Chukua simu yako, fungua kikokotoo, urudie hesabu hiyo kwa gharama za shilingi 40. Nchi itapata 41. Mafuta ni yaleyale, bei ni ileile, ila kuongezeka kwa gharama kwa shilingi 10 kumeondoa shilingi 6 kwenye fungu la nchi. Ndiyo maana ukaguzi wa gharama ni jambo zito. Mwaka 2011 Bunge lilijadili gharama za gesi ya Songo Songo, Kilwa, baada ya ukaguzi kutilia shaka dola milioni 28 hivi.

Bei nayo haina mwenyewe. Januari 2021 kampuni ya Equinor ya Norwei ilipunguza kwenye vitabu vyake thamani ya mradi wake wa gesi ya Tanzania kwa dola milioni 982. Gesi haikupotea, bado iko chini ya bahari. Kilichobadilika ni hesabu.

Halafu kuna muda. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kutumika kibiashara mwaka 2004. Ni miaka 30. Shilingi utakayopata baada ya miaka 30 haina uzito wa shilingi iliyo mkononi leo, na wachumi huipunguza thamani kwa kila mwaka wa kungoja. Anayeuza ng'ombe leo kwa ahadi ya utajiri huo anajiumiza.

Mafuta na gesi ni mali ya Watanzania wote, si ya kijiji kilicho juu yake. Njia mojawapo ya fedha kufika wilayani ni ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni. Fidia ya shamba au mazao yaliyoharibiwa ni jambo jingine kabisa. Hiyo haingoji mafuta yapatikane.

Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji, nayo ya mwaka 2015, inataka mikataba iwekwe wazi kwa wananchi. Kwa hiyo kiongozi akisimama kwenye mkutano wa kijiji na kutaja mabilioni, mwulize kwa heshima: umeweka bei gani, gharama gani, na kuanzia mwaka gani? Akiwa na majibu, yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Asipokuwa nayo, mabilioni hayo yasiingie kwenye mipango ya nyumba yako.