Vijidudu vya bahari na vya pori viko na kazi gani katika mvua?

Kila mkulima anajua mvua inatoka mawinguni. Lakini wingu lenyewe linajengeka namna gani? Mvuke wa maji peke yake haugeuki tone kwa urahisi. Unahitaji kitu kidogo cha kushikamana nacho: vumbi, chumvi, moshi, ao kitu chenye uhai.

Baharini, mawimbi yakipasuka yanarusha hewani chumvi pamoja na mabaki ya viumbe. Tena kuna mimea midogo sana inaelea majini, jicho haliioni. Inatoa gesi yenye salfa, na hewani gesi ile inageuka punje za kubeba matone. Mwaka 1987, Robert Charlson, James Lovelock, Meinrat Andreae na Stephen Warren walitoa wazo hili: joto likizidi, mimea ile itatoa gesi zaidi, mawingu yatakuwa meupe zaidi na kurudisha mwangaza wa jua juu, basi dunia itapoa. Utafiti wa nyuma ulionyesha kwamba mambo si mepesi hivyo, lakini wazo lile lilifungua njia.

Pori nalo linapeleka hewani chavua za maua, mbegu za uyoga na bakteria. Bakteria moja, Pseudomonas syringae, inaishi juu ya majani. Tone la maji safi kabisa linaweza kukataa kuganda mpaka karibu degre 38 chini ya ziro. Bakteria hii inaweza kuligandisha kwa degre 2 tu chini ya ziro. Barafu ile inakua, inakuwa nzito, inaanguka. Ikiyeyuka njiani, ni mvua.

Mfano uko karibu. Kericho, kule Kenya, mashamba ya chai yanapigwa sana na mvua ya mawe. Mwaka 1982, Russell Schnell na mwenzake waliandika kwamba mabaki ya majani ya chai yaliyo chini ya miti iko na chembe zinazogandisha maji, na wachumaji wakipita wanaweza kuzirusha hewani.

Kwa wakaaji wa Kivu ao Ituri, hii si habari ya mbali. Pori likichomwa, hazipotei mbao tu. Mvuke wa majani unapungua, chembe za uhai pia, na moshi unajaza wingu punje nyingi kupita kiasi. Maji yanagawanyika katika matone madogo madogo, yasiyo na uzito wa kuanguka upesi. Ndiyo sababu anga linaweza kujaa mawingu, na shamba likabaki kavu.