Je, Kalkuleta Inaweza Kudanganya?

Mama mmoja alitujia na daftari la mwanawe, limetiwa kosa kwa kalamu nyekundu. Mtoto alikuwa amepima dawati mara tatu kwa tepu, akapata sentimita 61.2, 61.4 na 61.2. Akajumlisha, akagawanya kwa tatu, akaandika vile kalkuleta ilivyoonyesha: 61.2666667. "Kwani kalkuleta inaweza kudanganya?" mama akauliza.

Hapana, haikudanganya. Lakini kalkuleta haijui tulipima na nini. Ile tepu ina mistari ya milimita tu. Hizo sita zote za nyuma hakuna jicho lililoziona. Jibu la haki ni sentimita 61.3.

Tarakimu zilizotoka kwenye kipimo chenyewe ndizo huitwa tarakimu zenye maana. Ukiandika 12, unasema umepima kwa sentimita nzima: urefu wenyewe unaweza kuwa popote kati ya 11.5 na 12.5. Ukiandika 12.0, unasema uliangalia milimita, ukakuta hakuna iliyozidi. Sufuri hiyo si pambo, ni ushahidi. Lakini sufuri ya mbele haihesabiwi: sentimita 11.4 ni sawa na mita 0.114, na zote zina tarakimu tatu zenye maana.

Katika kuzidisha, jibu lisizidi kipimo chenye tarakimu chache. Shamba la mboga la mita 12.4 kwa 6.5 kalkuleta itasema 80.6. Sisi tunaandika mita mraba 81, kwa sababu 6.5 ina tarakimu mbili tu.

Pengine utasema haya ni mambo ya darasani. Hebu tuangalie utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali, mtoto apelekwe kliniki mara moja. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni manjano: hatari. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani.

Sasa tuseme mwezi huu mtoto amepimwa akapata 12.4, na mhudumu akaandika "12". Mwezi ujao anapata 11.6, yanaandikwa tena "12". Kitabu kinasema mtoto yuko vile vile, kumbe anadidimia! Amepoteza milimita 8, na amebakiza mbili tu afike nyekundu. Hapo nukta moja iliyoachwa inaweza kumgharimu mtoto uhai.

Kwa hivyo, ndugu wahudumu na wazazi, tuzingatie haya:

1. Pima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia umelegea. Utepe usikaze wala usilegee.

2. Soma hadi milimita, na uandike hapo hapo. Usingoje kukumbuka nyumbani.

3. Mizani ianzie sufuri kabla ya kupima. Mizani iliyoharibika itakupa jibu lile lile mara kumi, na mara zote kumi liwe si kweli.

4. Usiongeze tarakimu ambazo hukuziona, wala usitupe ulizoziona.

Yule kijana alisahihisha daftari lake. Mama naye, ambaye hupima watoto kijijini kwao, alituomba utepe mpya: ule wake, alisema, mistari ilikuwa imefutika zamani.