Taa ya Injini Ikiwaka, Tusikimbilie Kununua Spea

Gari kuukuu la parokia likiwasha taa ya injini, fundi huchomeka mashine ya kupimia chini ya usukani na kusoma namba ya hitilafu. P0301 maana yake silinda ya kwanza haiunguzi mafuta vizuri, haitaji kilichoharibika. Tukiambiwa tununue koili, na fedha ni sadaka ya waamini, tuombe kwanza ihamishiwe silinda ya pili, namba ifutwe, injini iwashwe tena. Ikija P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, tutazame plagi, nozeli na soketi za nyaya: huku Tanga na Pangani hewa ya chumvi huzila kimyakimya. Taa ikiwakawaka tusimame, maana petroli isiyoungua huharibu kichujio cha moshi kwenye ekzosi.