Mpingo: Mti wa Sanaa, Sayansi na Biashara

Msafiri apitaye katika mapori ya Kilwa au Nachingwea wakati wa kiangazi aweza kuupita mpingo bila kuugeuzia macho. Ni mti wenye miiba, aghalabu uliopinda, na mara nyingi huwa na mashina kadhaa yaliyochipua pamoja. Fundi wa nyumba hapati humo boriti ndefu, na mkulima anayefyeka shamba huukata pamoja na vichaka vingine. Hata hivyo, kiini cheusi cha mti huo kimewapatia wachongaji wa Tanzania na Msumbiji riziki na sifa, na ndicho kinachotumika kutengeneza klarineti nyingi za wanamuziki stadi duniani.

Thamani hiyo haikuonekana yenyewe. Ilibidi kwanza mikono na fikira za watu ziitoe ndani ya gogo. Kwa sababu hiyo, habari za mpingo zinawafaa wote wanaodhani kuwa sanaa ni pambo la kuongezwa baada ya kazi za maana kwisha.

Mti wenyewe

Wataalamu wa mimea huuita mpingo Dalbergia melanoxylon. Ni wa jamii ya kunde, kama maharage na mbaazi. Katika vifundo vya mizizi yake huishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea; ndiyo maana mti huu huweza kuishi hata katika udongo usio na rutuba nyingi.

Shina lake lina sehemu mbili. Nje kuna tabaka jembamba lenye weupe wa manjano, ambalo hupitisha maji. Ndani kuna kiini, cheusi chenye kuelekea rangi ya zambarau. Seli za kiini zimekwisha kufa, na zimejaa mafuta na kemikali nyingine ambazo huukinga ubao usiliwe na wadudu wala kuoza upesi.

Uzito wa kiini hicho waweza kupimwa shuleni kwa vyombo vya kawaida. Kipande kidogo kikavu hupimwa katika mizani, kisha huzamishwa katika chombo chenye alama ili kuona kiasi cha maji yaliyopanda. Kipande cha gramu 60 kikipandisha maji kwa sentimita 50 za ujazo, densiti yake ni gramu 1.2 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Maji yana gramu 1 tu. Ndiyo sababu mpingo huzama, hali mbao nyingi huelea.

Ugumu huo una gharama yake. Mpingo hukua polepole sana. Makadirio yanayotumika zaidi husema kuwa mti huhitaji miaka 70 hadi 100 kabla ya kufikia unene wa kuvunwa. Aupandaye leo huwapandia wajukuu.

Elimu iliyo mikononi mwa mchongaji

Asili ya Wamakonde wengi ni uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini ya Msumbiji. Huko wamechonga tangu zamani vinyago vya mapiko vinavyovaliwa katika ngoma za jando, na hivyo vilitengenezwa kwa miti laini na myepesi ili mchezaji aweze kuvibeba kichwani. Katika karne ya 20 wengi walivuka Mto Ruvuma kutafuta kazi, hasa katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Baadhi yao waliishika tena kazi ya uchongaji, safari hii wakitumia mpingo na kuwauzia wageni.

Katika miaka ya 1950, mchongaji Samaki Likankoa, aliyehusiana kibiashara na mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam, alipata sifa kwa sanamu za mashetani, zenye viungo vilivyopotoka na nafasi wazi kati yake. Mtindo mwingine ulijulikana kwa jina la ujamaa: watu wengi, wazee kwa watoto, wamepandana na kushikana katika gogo moja. Jina hilo lilishika mizizi katika enzi ya siasa iliyotangazwa na Azimio la Arusha mwaka 1967.

Kazi hii yahitaji elimu. Kabla ya kuinua tezo, mchongaji hulisoma gogo: nyuzi zake zinaelekea wapi, ufa umeanzia wapi, kifundo kitatoa bega au goti. Ajua pia kuwa mpingo ukikauka haraka hupasuka, kwa kuwa sehemu ya nje hupoteza maji na kusinyaa mapema kuliko ya ndani. Kwa hiyo huuweka kivulini. Baada ya tezo hufuata patasi, tupa na msasa. Mambo anayoyatambua kwa macho na vidole, mwanafizikia huyaeleza kwa vipimo. Njia zao ni mbili, lakini wote wawili huanza kwa kuchunguza.

Safari ya kwenda okestra

Klarineti ni ala ya kupuliza iliyo jamaa ya zumari. Ilianza huko Nuremberg, Ujerumani, mnamo mwaka 1700, na za kwanza zilitengenezwa kwa mbao za Ulaya. Baadaye, katika karne ya 19, mafundi waligeukia mpingo.

Wengi hudhani kwamba mti wenyewe ndio uimbao. Kwa hakika, kinacholia ni hewa iliyomo ndani ya bomba, inayotikiswa na kipande chembamba cha tete. Utafiti wa mwanafizikia John Backus wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1964, ulionyesha kuwa mtikisiko wa kuta za ala hizo ni mdogo mno kuweza kuathiri mlio. Sifa ya mpingo iko penginepo. Hukerezwa kwa usahihi unaokaribia ule wa chuma, tundu lake hubaki laini, na hauvimbi upesi kwa unyevu wa pumzi. Tundu likibadilika kidogo tu, sauti nayo hubadilika.

Lakini kiwanda hutaka vipande vilivyonyoka, visivyo na ufa wala kifundo, na mti uliopinda hutoa vichache. Sehemu kubwa ya gogo hukataliwa. Mchongaji, kwa upande wake, aweza kuanzia palepale kiwanda kilipoona kasoro.

Mizani ya msitu

Sanaa na biashara zilizoupa mpingo thamani ndizo pia zinazoukata. Hali kadhalika, mioto ya porini huunguza miche michanga. Hapa ndipo sayansi inapotakiwa kusema ni miti mingapi iliyopo, inakua kwa kasi gani, na mingapi yaweza kukatwa bila kuumaliza msitu.

Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao. Katika Wilaya ya Kilwa, wanakijiji walijifunza kuhesabu na kupima miti, na mwaka 2009 baadhi ya misitu hiyo ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachoonyesha kuwa mbao zimevunwa kwa utaratibu. Kuanzia Januari 2017, mkataba wa kimataifa wa CITES uliiweka biashara ya jamii yote ya Dalbergia, ila michache iliyokwisha orodheshwa, chini ya udhibiti wa vibali. Ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa kwa uamuzi wa mwaka 2019.

Pengine mfano unaogusa zaidi ni wa Moshi. Mwaka 1996 mtaalamu wa mimea Sebastian Chuwa alishirikiana na James Harris, fundi wa kukereza mbao wa Texas, kuanzisha mradi wa kuuhifadhi mpingo. Fundi huyo aliupenda mti kwa sababu ya kazi ya mikono yake, na mtaalamu alijua jinsi ya kuuotesha. Vitalu vilianzishwa, na wanafunzi wakawa miongoni mwa wapandaji.

Shule iliyo katika eneo linalofaa yaweza kufanya vivyo hivyo: kukusanya mbegu, kuotesha miche, kupima urefu wake kila mwaka na kumwalika mchongaji aeleze kazi yake. Daftari la vipimo hivyo litapokewa na darasa baada ya darasa, kwa maana wanafunzi watakaoyaandika ya kwanza watakuwa wazee siku mti huo utakapofaa kukatwa.