Somo la Redio: Sigara ya Umeme Mahali pa Watu Wengi

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matatu: umma, mvuke, nikotini. Yasomeni pamoja kwa sauti.

Umma ni watu wote kwa jumla. Basi mahali pa umma ni mahali ambapo kila mtu ana haki ya kuingia: kivukoni, ndani ya daladala, sokoni, zahanati, ofisi ya kijiji, mkahawani. Hayo maneno mengine mawili tutayafikia.

Fikirini mpo katika kivuko cha Msangamkuu. Watu wamebanana, kuna baiskeli na vikapu vya samaki, na mama mmoja amempakata mtoto. Kijana anatoa mfukoni kitu kama kalamu nene. Anakitia mdomoni, anavuta, kisha anapuliza wingu jeupe lenye harufu ya maembe. Mzee mmoja anamwambia, "Mwanangu, hapa hapavutwi sigara." Kijana anajibu, "Shikamoo babu. Hii si sigara. Haina moto wala moshi. Huu ni mvuke tu." Mzee ananyamaza, maana hajui aseme nini. Somo la leo ni la kumpatia mzee huyo jibu.

Kitu hicho ni sigara ya umeme. Vijana huiita vepu. Ilibuniwa China mwaka 2003 na mfamasia aitwaye Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji wa sigara. Ndani yake mna betri ndogo, waya mwembamba uliosokotwa, na maji mazito. Mtu akivuta, betri huutia waya joto, kama waya wa pasi ya umeme. Yale maji hupata moto na kugeuka wingu. Hapo kijana amesema nusu ya kweli: hakuna kinachoungua, wala hakuna majivu.

Sasa tazameni neno mvuke. Mvuke wa sufuria ya ubwabwa ni maji. Ukifunua mfuniko, matone yaliyoshika pale ni maji matupu. Wingu la sigara ya umeme silo hilo. Katika yale maji mazito mna glisirini, ya jamii ile ile tunayojipaka mwilini, pamoja na kemikali nyingine, vitu vya kutia harufu, na mara nyingi nikotini. (Kijana asiseme kwamba glisirini haina neno. Kujipaka ngozini ni mbali na kuvuta mapafuni.) Wataalamu waliolipima wingu hilo wamekuta ndani yake nikotini, vichembe vidogo mno vinavyofika ndani kabisa ya mapafu, na hata chembe za madini zitokazo katika ule waya. Kwa hiyo, katika maneno "mvuke tu", lile neno "tu" lifutwe.

Nikotini ni sumu iliyo katika majani ya tumbaku, kama ile inayolimwa Namtumbo, mkoa wa Ruvuma. Ndiyo inayomfunga mvutaji asiweze kuacha. Ikimwingia mama mjamzito, humfikia mtoto aliye tumboni. Ubongo wa kijana huendelea kukua mpaka kama miaka 25, nao hudhurika nayo. Chupa ya maji hayo ikiachwa chini na mtoto mdogo akayanywa, yaweza kumwua.

Lakini tusimwonee kijana. Wataalamu wengi wanakubali kwamba, kwa kuwa hakuna kinachoungua, wingu hili lina sumu chache kuliko moshi wa sigara ya kawaida. Uingereza, waganga huwashauri wavutaji watu wazima waitumie ili waache sigara. Hayo ni kweli, na mtu asiyakatae. Ila sisi hatuulizi kama kitu hiki ni nafuu kwa aliyekwisha kuwa mvutaji. Tunauliza kama yule mama aliyempakata mtoto amekubali kuvuta pamoja naye. Hakuulizwa. Na yumo kivukoni. Hawezi kushuka katikati ya maji.

Je, sheria inasemaje? Mwaka ule ule wa 2003, Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku. Inakataza kuvuta katika sehemu nyingi za umma, ingawa yaruhusu kutenga mahali pa wavutaji, na inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku. Lakini sheria hiyo iliandikwa wakati sigara ya umeme haijatia mguu pwani hii. Haikuitaja kwa jina, na huo ndio upenyo anaopitia kijana wetu.

Wenzetu wa Uganda waliuziba upenyo huo kwa sheria yao ya mwaka 2015. Walipiga marufuku sigara za umeme pamoja na shisha, na wakakataza kuvuta katika umbali wa meta 50 kutoka mahali pa umma. Hapa kwetu serikali ilipiga marufuku shisha mwaka 2016. Nayo pia watu walikuwa wakiitetea, ati moshi wake umeoshwa na maji.

Mimi sioni kama ni lazima tuanze kwa kukataza kabisa kama Uganda. Mpaka wetu na Msumbiji ni mrefu, mitumbwi inavuka, na kitu cha ukubwa wa kidole hupita popote. Kukataza kisivutwe mbele za watu ni rahisi zaidi, kwa sababu kila abiria ni shahidi.

Wala si lazima tungoje Bunge. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo. Hata kijiji chaweza: halmashauri ya kijiji hutayarisha, mkutano mkuu wa kijiji hujadili, kisha huipeleka kwa halmashauri ya wilaya ithibitishwe. Hapo ndipo kusoma na kuandika kunapohitajika. Mkiandika "Usivute sigara", kijana atasema yake si sigara. Afadhali muandike hivi:

NI MARUFUKU KUVUTA SIGARA YA AINA YOYOTE, YA MOTO AU YA UMEME, NDANI YA CHOMBO HIKI.

Neno "yoyote" ndilo linalofunga mlango. Wavuvi wenye mashine za petroli, tangazo hili lawahusu zaidi, maana betri za namna hii zikiharibika mara nyingine hulipuka.

Kazi ya nyumbani: nakilini tangazo hilo kwa herufi kubwa. Kisha kila mmoja aandike jingine, la mahali anapofanyia kazi: dukani, ghala la korosho, zahanati, au daladala. Msomeeni mtu asiyejua kusoma, mwone kama ameelewa bila kuuliza. Asipoelewa, badilisheni maneno, mje nayo darasani. Somo lijalo ni la kusoma mizani ya korosho. Kwaherini.